Koni Haina Undugu

Jamani, raundi yangu ya gari ya sekunde 44.318 imegeuka 46.318 naiona hivi hivi kwa macho yangu! Kisa? Koni. Kipande cha plastiki kisicholipa kodi ya nyumba kimeamua kulala, na yule mlinda koni wa pembeni hajasita hata kidogo, redio mdomoni: "Namba 47, koni moja." Sekunde mbili zimeongezwa. Na ile koni ilisimama vibaya tangu asubuhi, kila mtu aliona.

Sasa ndugu wa nyumbani mkisikia mtu yuko Texas anashindana magari wikiendi, mnawaza Safari Rally, vumbi la Naivasha, helikopta juu. Hakuna helikopta. Ni maegesho ya uwanja wa mpira, lami inakaanga nyayo, koni zimepangwa kwa mamia, na gari lako linapita katikati peke yake likishindana na saa. Wanaita autokrosi. Unalipa dola 50 hivi, unapata raundi 5 za sekunde 45. Piga hesabu: dakika 3 na sekunde 45. Siku nzima! Kwa pesa ambayo mngeipokea kwenye simu mkaniuliza, "Ndiyo hii tu?"

Kuamka alfajiri na kukagua njia kwa miguu nisiseme. Unatembea raundi mbili tatu, unahesabu koni, unajiapiza utafunga breki kabla ya kona, si ndani ya kona. Helmeti ikiingia kichwani, kila kitu kimefutika.

Lakini anayenimaliza ni mkaguzi.

Huyu ni mzee wa kujitolea, kofia pana, halipwi senti, na hataki mchezo. Unafika kwake kwa heshima zako, shikamoo ungempa kama angeielewa. Yeye anasema neno moja: "Buti."

Bwana, gari la Mbongo ughaibuni si gari, ni stoo. Na sheria inasema kitu chochote kisichofungwa kitoke, kwa sababu kwenye kona kali hata chupa ya maji inaruka, inaviringika chini ya pedali ya breki, na hapo utasimamia kwenye nguzo ya taa. Kwa hiyo unaanza kutoa, mbele ya foleni nzima. Gunia la mchele. Dumu la mafuta ya kupikia. Kiti cha mtoto, na makombo yake. Viti vya kukunja vya chama. Sufuria la pilau la Mama Fulani linalosubiri kurudishwa tangu Idi. Mzee anauliza, "Unahama?" Unajibu kwa utulivu, kama balozi, kwamba hizi ni nyaraka za familia.

Anaingiza kichwa ndani. "Kapeti ya dereva." Nayo itoke, inateleza na kukwama kwenye pedali ya mafuta. Anafungua boneti, anaishika betri na kuisukuma. Imefungwa kwa mpira wa mizigo. Anautazama ule mpira muda mrefu. Hapo heshima inaanza kunitoka. Mzee wangu, betri hii nimekwenda nayo kazini mwaka mzima! Hataki. Iwekewe kibano chake cha chuma na boliti, kwa sababu ikihama, terminali ya chanya inagusa bodi na cheche zinaanza. Anashika tairi juu na chini, analitikisa: likicheza, beringi. Analishika kushoto na kulia: likicheza, tairodi, kile chuma cha usukani. Anauliza nati zimekazwa kwa kiasi gani. Kwa Civic ni Newton-mita 108, kwa spana ya kupimia, si kwa kuruka juu ya spana ya magurudumu kama tulivyofundishwa gereji. Helmeti anaigeuza, anatafuta stika ya Snell, wanaopima helmeti za mashindano. Yenye DOT peke yake, ile alama ya helmeti za barabarani, anakurudishia bila kukuangalia usoni.

Ukipita, unashukuru Mungu, unaweka upepo. Hapa wataalamu ni wengi kuliko magari. Gari la kuvuta mbele lenye matairi ya kawaida, mbele weka PSI 38 au 40, nyuma ongeza kidogo ili mkia ugeuke. Ukiweka sawa sawa na ya barabarani, linanyooka tu na kuzifuata koni. Paka chaki pembeni mwa tairi. Chaki ikifutika kupita kile kipembe kidogo kilichochongwa ubavuni, tairi linalala, ongeza mbili. Likipata moto upepo unapanda wenyewe, punguza. Basi kati ya raundi na raundi umechuchumaa.

Na ukimaliza kuendesha hujamaliza. Unavishwa kizibao, unapelekwa juani kuokota koni za wengine. Koni iliyosimama ikigusa bado mstari wa kisanduku chake, kile kilichochorwa kwa chaki kuizunguka, haina adhabu. Ikitoka yote, sekunde mbili. Ikilala, hata ndani ya kisanduku, sekunde mbili. Ile iliyolazwa kuonyesha njia haihesabiwi. Ukiruka geti, yaani koni mbili za kupita katikati, raundi yote imekufa. Simu hairuhusiwi, kukaa hairuhusiwi, kulipa kunaruhusiwa.

Halafu jioni, ili magari ya kila aina yalinganishwe, wanazidisha muda wako kwa kigezo cha daraja la gari: 45 mara 0.8 inakuwa 36, na bibi mwenye wajukuu, kwenye Miata kuukuu, kile kigari cha Mazda cha viti viwili, amekupita kwenye makaratasi na barabarani pia. Anakupa biskuti. Unazila, utafanyaje.

Kule Lincoln, Nebraska, mashindano ya taifa, wanakuja zaidi ya elfu moja, raundi tatu kwa siku, siku mbili. Watu wanakatiza majimbo kwa raundi sita! Mimi hata likizo yenyewe bosi ananipa kwa kuhurumia, na aliyeazima pampu yangu ya upepo asubuhi, yule mwenye gari la bluu, alisema dakika mbili tu. Nani kamwona?