Viazi vya Askofu

Shangazi alifika Northampton kutoka Lushoto Jumatano, posa ya mdogo wangu ilikuwa Jumamosi, na viazi vya dahlia, yale maua ya bustani, vilikuwa kwenye kreti chini ya ngazi. Ukishajua hayo matatu, yanayobaki ni mapishi.

Huku Uingereza dahlia hupandwa Mei, jalidi ya mwisho ikishapita na udongo ukishafika kama nyuzi 15 za Selsiasi. Hivi vya kwenye kreti vilikuwa vinasubiri tuta, na tuta lilikuwa bado lina maua ya tulipu. Tulipu hazing'olewi majani yakiwa mabichi, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayorudisha chakula chini kwenye kitunguu kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mpaka yakauke yenyewe, Juni imeshafika katikati. Basi viazi vilikaa gizani, vimefukiwa kwenye maranda makavu, vimeanza kutoa vimacho vya rangi ya waridi shingoni. Na kwa kuwa viazi vya dahlia vyote vina sura moja hata ungevikodolea macho mpaka kesho, kila kimoja kilikuwa kimeandikwa jina la aina yake ubavuni kwa kalamu isiyofutika: Bishop of Llandaff, Thomas A. Edison, Café au Lait.

Jumamosi asubuhi Shangazi aliamka kabla ya watu wote. Wageni wanakuja, yeye ndiye shangazi wa bibi harusi mtarajiwa, jikoni kuna wali na kuku tu. Akafungua mlango wa chini ya ngazi kutafuta ufagio.

"Nikakuta mihogo mmeificha kama wezi," alinieleza baadaye, bila aibu yoyote.

"Shangazi, hukuona yameandikwa?"

"Niliona. Kimeandikwa Bishop. Nikajua vimetoka kanisani, vimebarikiwa."

"Na Thomas?"

"Si ndiye aliyelima?"

Alivikata shingo, akavimenya pamoja na majina yake, akavitia kwenye sufuria na kitunguu, bizari, pilipili mbuzi na tui zito la makopo mawili. Vikachemka. Vikachemka tena. Saa nzima ikapita, kisu kikiingia kinatoa mlio wa kukata karoti mbichi. Aliongeza maji, akaongeza moto, akatoa hukumu kwamba mhogo wa Ulaya una kiburi.

Kiburi chenyewe kina sababu. Mhogo na kiazi ulaya hulainika kwa sababu vimejaa wanga, na wanga ukipata maji ya moto huvimba. Dahlia haihifadhi wanga bali inulini, aina ya nyuzi lishe ambayo huyeyuka ndani ya maji na kukuachia nyama ileile inayokatika kwa meno. Tui lenyewe likawa na utamu kidogo ambao Shangazi aliusifu kwa nazi. Sumu hakuna: kwao Meksiko, ambako dahlia imetangazwa ua la taifa tangu 1963, viazi hivi vinaliwa toka zamani. Mbegu zilipofika bustani ya kifalme ya Madrid mwaka 1789, walikuwepo Wazungu walioziwekea matumaini ya chakula, wakaonja, wakarudi kwenye maua. Ila usipike viazi vya kununua dukani, maana vingine vimechovywa dawa ya ukungu. Hivi vilikuwa vya kuzalisha nyumbani, havina dawa. Vilikuwa na inulini tu.

Wageni walikaa mezani saa saba mchana. Walisifu. Mshenga, mzee wa heshima aliyevaa suti ya vipande vitatu katika joto la Juni, aliongeza sahani mara ya pili na kusema hajala mhogo mkavu hivi tangu aondoke Muheza.

Inulini haimeng'enywi na utumbo mwembamba. Inashuka ilivyo mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanaikuta kama walivyoikuta wageni wetu, wakiwa na njaa. Wanaichachusha, na uchachu unatoa gesi. Safari hiyo huchukua saa kadhaa. Kwa hesabu za siku ile, bakteria walifika mezani saa kumi, mshenga aliposimama kutoa hotuba.

"Wazee wetu," alianza, "sisi ni wapita njia. Tumepita hapa, tumeona ua."

Akanyamaza, kama ada inavyotaka, ili neno lizame. Katika ukimya ule, upande wa wajomba, kikasikika kitu kirefu chenye kupanda na kushuka.

Hakuna aliyegeuka. Katika posa adabu ni kutogeuka. Mshenga akakohoa, akarudia kwamba wameona ua, na safari hii jibu likatoka kwake mwenyewe, ndani ya kile kizibao. Mjomba wa pili akajisogeza kitini. Kiti cha ngozi ya bandia kikamsaliti.

"Nyumba za huku zina mbao zinazolia sana," akasema Shangazi, aliyekuwa amekula kuliko wote.

Kwa kawaida mahari huvutwa mpaka usiku. Upande wetu ulikuwa umeandaa hoja, upande wao wameandaa vilio. Mshenga alisikia kiasi cha kwanza tu, akasema kimepita, akauliza choo kiko wapi. Choo kiko kimoja, ghorofani. Ndani ya dakika chache foleni ya wazee ilikuwa imejipanga kwenye ngazi, kila mmoja akitazama ukuta, juu kabisa ya mlango wa ile stoo. Sijawahi kuona posa inaisha kwa makubaliano ya haraka namna ile, na hakuna hata mjomba mmoja aliyedai kurudishiwa neno.

Usiku ndipo kreti lilipogunduliwa lina maranda matupu.

"Shangazi, shingo zake umeweka wapi? Vile vichwa vyenye vimacho?"

"Nimevitupa kwenye mboji. Nani anakula vichwa?"

Ilikuwa habari njema kuliko zote za siku hiyo. Kiazi ulaya kina macho mwili mzima. Kiazi cha dahlia macho yake yako sehemu moja tu, pale juu kinapoungana na shina la mwaka jana. Mwili ule mnene aliouona Shangazi kuwa ndio mali ni ghala la chakula na maji. Kiazi kizuri, kinene, kisicho na kipande cha shina la zamani ni kipofu: kitakaa ardhini msimu mzima, kitatoa hata mizizi, lakini chipukizi hakitoi. Kwa hiyo wageni walikula maghala, na macho yakabaki kwenye pipa. Yalichimbuliwa kwa tochi kutoka kati ya maganda ya vitunguu na mifupa ya kuku, Shangazi akishika tochi na kuuliza kama kule kazini wanajua hali yangu.

Vichwa vilivyobaki na kipande cha nyama hata cha ukubwa wa kidole gumba vilikuwa na nafasi; mmea mchanga hauhitaji ghala kubwa, unahitaji la kuuvusha mpaka uote mizizi yake. Vilivyokatwa usawa wa shingo kabisa, vingi vilioza. Vizima vilioshwa, vikaachwa siku mbili mahali pakavu mpaka jeraha likafunga ngozi, kisha kila kimoja kikaingia kwenye chungu cha lita mbili chenye mboji iliyochanganywa na mchanga wa chenga, jicho likitazama juu na kufunikwa sentimita mbili tu. Maji ni ya kulowanisha kidogo. Chungu kinachotota kabla ya chipukizi kutokea kinaozesha kiazi chenyewe, na hapo ndipo dahlia nyingi zinapofia, zikiuawa kwa huruma.

Kuchelewa kuna nafuu yake: mwishoni mwa Juni udongo una joto, kinachochukua mwezi mzima Aprili kinatokea ndani ya wiki mbili au tatu. Hesabu inapigwa kinyumenyume. Jalidi ya kwanza maeneo haya huja Oktoba ikielekea mwisho, na dahlia hutaka wiki 8 mpaka 12 toka kupandwa hadi ua, zile za maua makubwa zikichelewa zaidi. Kwa hiyo vilivyochelewa havikatwi ncha. Katika msimu wa kawaida mmea ukifika jozi nne za majani unakatwa kilele ili utoe matawi, lakini kukata huko kunachelewesha ua kwa wiki mbili hivi, na Juni ikishakwisha wiki mbili ni mali. Mti wa kuegemezea unachomekwa kwanza, mmea baadaye, usije ukatoboa kiazi usichokiona. Nafasi ni sentimita 45 hadi 60. Mbolea ya nyanya, ile yenye potasiamu nyingi, kila wiki mbili vitumba vikianza. Naitrojeni nyingi itakupa kichaka kizuri cha majani na Novemba itakukuta unasubiri ua.

Na konokono uchi. Machipukizi ya Julai ni laini kuliko ya Mei, na hao hutoka usiku baada ya mvua. Zile chembe za metaldehidi, sumu ya konokono, zimepigwa marufuku hapa tangu 2022, zimebaki za fosfeti ya chuma, pamoja na tochi na ndoo. Shangazi alikabidhiwa ndoo. Kila konokono aliyemtupia humo alimwambia, "Wewe usingekula hicho."

Tatizo lililobaki lilikuwa la majina, maana yalikwenda na maganda. Bishop alijitambulisha mapema kwa majani yake meusimeusi. Ua jekundu lilikuja tu kuthibitisha. Edison, wa zambarau, alijulikana Septemba katikati. Café au Lait, lenye ua la upana wa sahani ya chakula, lilifungua machache tu mwanzoni mwa Oktoba kabla jalidi haijayageuza majani kuwa meusi usiku mmoja. Jalidi ikishapiga hivyo, mashina hukatwa sentimita 15 toka ardhini, uma wa bustani unaingizwa mbali na shina, na mafungu yanainuliwa mazima bila kuvunja shingo. Sasa majina yanafungwa shingoni kwa waya, na ubavuni kumeandikwa SI CHAKULA.

Shangazi amepiga simu wiki hii. Anataka atumiwe vichache. Nikamuuliza vya kupanda au vya kupika.

"Wewe tuma. Kuna posa nyingine huku, na upande wa pili wana maneno mengi."

Nikamweleza kwamba viazi havivuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea. Akanikumbusha kwamba yeye alipita uwanja wa ndege na kilo mbili za kisamvu, na cheti chake kilikuwa ni kumsalimia askari vizuri.