Chambo hai cha mbuta: tuulize kimetoka wapi

Kila mbuta, yaani sangara, wanapopungua Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, lawama humwangukia mvuvi wa ndoano. Nadhani anaonewa, ingawa si kwa kila jambo.

Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo ni marufuku na bado zinatumika, huzoa wakubwa kwa wadogo. Ndoano kubwa iliyobeba chambo kikubwa huwaacha wachanga wengi. Mbuta anayeruhusiwa ni wa sentimita 50 hadi 85. Akinaswa mdogo, angalau kuna nafasi ya kumrudisha. Nafasi finyu, tuseme ukweli: kamba yenye ndoano nyingi hulala majini usiku kucha, na kukipambazuka wengi huwa wameshakufa.

Tatizo kubwa liko kwenye beseni la chambo. Wavuvi hupenda kambare wadogo, yaani mumi, kwa sababu wana kiungo cha kupumulia hewa. Maji kidogo tu yanawatosha njiani, na mmoja akitobolewa nyama ya mgongo kwa uangalifu, huendelea kujinyonganyonga kwenye ndoano kwa saa nyingi. Fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, hawavumilii hivyo, na mbuta huvutiwa na kinachotikisika.

Wengi wa kambare hao hutolewa kwenye mafunjo na madimbwi ya pembezoni, mara nyingi kwa vyandarua vya mbu. Humo ndimo samaki wengi hukulia. Chandarua kikivutwa, hutoka na ngege (tilapia) wasiofika urefu wa kidole, ambao hawafai chambo wala mboga. Kwa hiyo mvuvi mwenye zana halali anategemea zana haramu ya mwenzake.

Lakini huyo mwenzake ni nani? Aghalabu ni kijana asiye na mashua, anayeuza chambo jioni ili nyumbani wapike. Ukimfukuza mchana atarudi usiku.

Ndiyo maana naegemea kambare wa kuzalishwa. Kazi hiyo ina gharama zake: kwa kawaida dume huchinjwa ili kupata mbegu, chakula ni ghali, na vifaranga wasipotenganishwa kwa ukubwa hulana wenyewe kwa wenyewe. Tena mabwawa mengi ya samaki yaliyochimbwa kwa mpango wa serikali ya Kenya wa 2009 yaliishia kuachwa. Ila yale yalilenga samaki wa sufuria, anayelishwa kwa miezi. Wa chambo huuzwa baada ya wiki chache, na mnunuzi yuko ufuoni.

Kamati za ufuo, hizi BMU, zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Zianze kukagua chambo kama zinavyokagua nyavu, na hao vijana wa vyandarua wapewe kwanza kazi ya kulea na kusambaza vifaranga. Hata hivyo, mvua ikinyesha, kambare wa bure watajaa madimbwini na bei itaanguka. Wa bwawani watakaokosa mnunuzi na kupita kipimo cha ndoano, walelewe hadi wafae kuliwa.