Tufungulieni Magogoni, hata kwa siku moja

Juzi nilivuka kwenda Kigamboni na mpwa wangu wa darasa la tano. Pantoni ilipoanza kuondoka akanyoosha kidole upande wa Magogoni: "Mjomba, Ikulu ndani kukoje?" Nimezaliwa na kukulia Temeke, nimepita Feri tangu utotoni, na sikuwa na la kumjibu zaidi ya ninayoyaona kwenye taarifa ya habari: mapazia, bendera, mgeni kakaa kitini. Iliniuma, na bado inaniuma.

Maana nyumba ile ina habari nzito. Wajerumani walimjengea gavana wao pale. Mwaka 1914 manowari za Waingereza zikaipiga mizinga, kisha Waingereza haohao, baada ya kuichukua nchi, wakaijenga upya mwaka 1922. Msanifu wao, John Sinclair, alikuwa mtu wa kazi za Zanzibar, na ukitazama yale matao utaona visiwani kabla hujaona Ulaya. Desemba 9, 1962 tukawa Jamhuri, enzi ya Turnbull, Gavana Mkuu wa Kiingereza, ikaisha, Mwalimu akawa Rais. Januari 1964 askari walioasi walifika hadi pale. Na Mwalimu, mwenye haki ya kulala humo, akachagua kuishi kwenye nyumba yake Msasani! Haya mtoto anayasoma darasani kama orodha ya tarehe, wakati kuta zenyewe zipo, kituo kimoja cha daladala kutoka Posta.

Nendeni Magomeni, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu enzi za TANU. Ni makumbusho. Nilimpeleka huyuhuyu mpwa wangu, akasimama mlangoni kimya, halafu akasema, "Kumbe nyumba yenyewe ya kawaida tu." Hakuna mwalimu ambaye angemfundisha hilo ubaoni. Nataka ayaone na ya Magogoni, apime mwenyewe umbali wa kutoka nyumba ile hadi hii.

Najua nitaambiwa usalama. Sawa, nakubali, kuna milango isiyofunguliwa kwa mtu yeyote. Lakini sijaomba ofisi ya Rais. Naomba bustani, veranda na ukumbi mmoja. Ikulu ya Chamwino, kule Dodoma, ilizinduliwa Mei 2023, tena kwa sura ileile ya Magogoni, kwa hiyo mzigo wa Magogoni umepungua. Marekani wameuawa marais wanne, na bado kwa miaka mingi raia wamekuwa wakitembezwa White House.

 

Hata tausi wa Ikulu, wengi wetu tuliwajua vizuri mwaka 2020, Rais Magufuli alipowagawia marais wastaafu. Ndege wametoka nje; wananchi hawajaingia.

Desemba 9 shule zimefungwa. Semeni tu geti lipi, mimi na mpwa wangu tutapanga foleni tangu alfajiri.