Cairo ya Illinois: watu wameuhama mji au wamehamishwa?

Sensa ya Marekani ya 2020 ilionyesha kwamba Kaunti ya Alexander, kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois, ilipoteza asilimia 36.4 ya wakazi wake ndani ya miaka 10. Hakuna kaunti nyingine nchini humo iliyopungua kwa kiwango hicho. Makao yake makuu ni mji mdogo wa Cairo, ambao wenyeji wanautamka "Kero". Mwaka 1920 ulikuwa na watu 15,203. Mwaka 2010 walibaki 2,831, na sensa hiyo ya 2020 ikawakuta 1,733. Wapo wanaozisoma takwimu hizi na kuhitimisha kwamba mji umejifia wenyewe, kwa hiyo serikali iache kuumwagia fedha.

Hoja hiyo ina uzito, na jiografia iko upande wake. Cairo imekaa kwenye ulimi mwembamba wa ardhi mahali mto Ohio unapoingia Mississippi, sehemu ya chini kuliko zote katika jimbo. Umezungushiwa matuta ya kuzuia mafuriko, na upande wa kaskazini kuna lango kubwa la chuma lililoning'inizwa juu ya barabara. Likishushwa, mji mzima unafungika. Mito ikifurika, maji hupenya chini ya tuta na kububujika upande wa ndani yakitema mchanga, na watu hushinda wakiyazungushia magunia. Biashara ya meli za mvuke na vivuko iliyoukuza mji ilianza kukauka daraja la reli lilipofunguliwa juu ya Ohio mwaka 1889.

Kuulinda mji huu kuna gharama, na wakati mwingine anayelipa ni jirani. Mei 2011, maji yalipopanda hadi futi 61.7 kwenye kipimo cha Cairo, wahandisi wa jeshi walilipua tuta la Birds Point ng'ambo ya pili, katika jimbo la Missouri, ili maji yamwagike huko na kuipunguzia Cairo shinikizo. Ekari 130,000 hivi zilifunikwa na maji, na Pinhook, kijiji kidogo cha Wamarekani Weusi, kikaangamia. Anayeikumbuka Pinhook ana haki ya kuuliza maswali magumu.

Hata hivyo, siku chache kabla ya mlipuko huo, spika wa bunge la Missouri aliulizwa angechagua nini kizame, mashamba au Cairo. Akajibu Cairo. Baadaye aliomba radhi, lakini jibu lilishatoka, tena kuhusu mji ambao wengi wa wakazi wake ni Weusi maskini. Mimi naliona jibu hilo katika mengi yaliyoufika mji huu.

Tuirudie sensa. Kati ya 2010 na 2020 Cairo ilipungukiwa na watu 1,098. Katikati ya muongo huo, mwaka 2017, wizara ya nyumba ya serikali kuu ilitangaza kwamba mitaa miwili ya nyumba za umma, Elmwood na McBride, itafungwa. Nyumba zilikuwa zimeoza kwa miaka mingi ya uongozi mbovu wa mamlaka ya nyumba ya kaunti: panya, kunguni, vipasha joto visivyofanya kazi wakati wa baridi. Zilikaliwa na takriban watu 400, watoto wakiwa sehemu kubwa. Walipewa vocha za kulipia kodi ya nyumba, lakini vocha hailazi mtu pasipo na nyumba ya kupanga, na Cairo nyumba hizo zilikuwa chache mno. Wakatawanyika hadi miji mingine, wengine majimbo mengine.

Linganisha 400 na 1,098: ni zaidi ya theluthi. Hata tukiwatoa waliofanikiwa kujibanza mlemle mjini, bado ni watu wengi mno kuitwa wahamaji wa hiari. Walifukuzwa na ubovu ambao hawakuusababisha, kisha kutokuwepo kwao kunahesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya mji. Na mwaka 2022 likaja tangazo jingine: jengo la ghorofa la wazee nalo livunjwe, kwa hofu ya tetemeko la ardhi. Hofu hiyo ni ya kweli, maana ukanda wa matetemeko wa New Madrid uko jirani. Lakini bibi aliyeishi hapo aende wapi?

Maduka nayo hayakufungwa na mto peke yake. Kuanzia 1969 Weusi waligomea maduka yaliyokataa kuwaajiri, na wafanyabiashara kadhaa wakaona heri wafunge kuliko kuwaajiri. Duka la mwisho la vyakula lilifungwa 2015, na hadi duka la ushirika lilipofunguliwa 2023, mtu asiye na gari alitegemea hisani ya jirani kufuata maziwa na mboga nje ya mji.

Mwaka 2020 Illinois iliahidi dola milioni 40 kwa ajili ya bandari mpya ya mto hapo Cairo, na wanaoona mji umekufa wanaziita fedha za kutupa. Kwangu jiografia ileile iliyoulemea mji ndiyo inayoipa bandari hiyo maana, kwa sababu majahazi ya mito yote miwili yanapita hapo. Ninachokiogopa ni ajira kuja mahali pasipo na nyumba: mfanyakazi anashuka zamu jioni, anavuka daraja, na mshahara wake unalala jimbo jirani la Kentucky.