Norrbotten: kuunganisha mikoa hakupunguzi kilomita

Tarehe 19 Agosti 2025, kanisa la mbao la Kiruna, mji wa mkoa wa Norrbotten kaskazini mwa Uswidi, lililojengwa mwaka 1912 na lenye uzito wa tani 672, lilinyanyuliwa zimazima, likawekwa juu ya matrela na kuanza safari ya kilomita tano. Barabara ilikuwa imepanuliwa kutoka mita tisa hadi 24. Mwendo ulikuwa nusu kilomita kwa saa, hata mtoto anayejifunza kutembea angelipita. Kesho yake likafika. Lilihama kwa sababu chini ya mji kuna mgodi wa chuma, na kadiri unavyochimbwa ndivyo ardhi ya juu inavyotitia. Tangu mwaka 2004 ilishaamuliwa kwamba mji uupishe mgodi. Mgodi wenyewe ni wa LKAB, kampuni inayomilikiwa na serikali kuu ya Uswidi kwa asilimia mia.

Naanza na kanisa kwa sababu mjadala wa kama mkoa huu wa Norrbotten uunganishwe na majirani zake huanzia mara nyingi kwenye hesabu ya vichwa, na hesabu hiyo haionyeshi mtu anakaa wapi na kilicho chini ya miguu yake ni cha nani.

Hesabu yenyewe ni hii. Norrbotten ndio mkoa wa kaskazini kabisa, unaopakana na Norwei na Ufini. Nchi kavu yake inazidi kilomita za mraba 97,000, yaani ni mkubwa kuliko Austria nzima, na ni karibu robo ya Uswidi. Wakazi ni kama 250,000 tu katika nchi ya watu milioni 10.5. Karibu theluthi yao wako Luleå, makao makuu, kwenye pwani. Ukiingia bara kuelekea milimani, unakuta halmashauri kama Arjeplog: watu hawafiki 3,000, na eneo lake linazidi kilomita za mraba 12,000.

Nimeandika "mkoa" makusudi, si "kaunti". Kiongozi wake, landshövding, huteuliwa na serikali kuu kama mkuu wa mkoa wa Tanzania, wala hapigiwi kura kama gavana wa Kenya. Lakini pembeni yake lipo baraza la mkoa linalochaguliwa na wananchi, lenye hospitali na usafiri wa umma mikononi mwake na lenye mamlaka ya kutoza kodi ya mapato. Ndani ya mkoa ziko pia halmashauri 14, zisizo chini ya baraza hilo, nazo zina kodi zao. Shule na matunzo ya wazee ni juu yao. Mswidi wa kawaida hulipa takriban asilimia 32 ya kipato chake kwa halmashauri na baraza la mkoa. Kwa hiyo mipaka ya mkoa si mistari ya ramani tu, inaamua nani anakukata kodi na nani anaweza kukufungia hospitali.

Mwaka 2016 kamati ya serikali ilipendekeza mikoa 21 ya nchi ipunguzwe hadi sita. Norrbotten ingeungana na Västerbotten, Västernorrland na Jämtland kuwa mkoa mmoja: zaidi ya nusu ya ardhi ya Uswidi, watu kama 900,000. Mpango ulikwama mwaka huohuo kwa kukosa kuungwa mkono bungeni. Hata hivyo hoja zilizouzaa bado ziko hai, na si hoja za kubezwa.

Ya kwanza ni hospitali. Baraza la Norrbotten linaendesha hospitali tano kwa kodi ya watu wasiojaza mtaa mmoja mkubwa wa jiji kubwa la dunia, na umri wao unazidi kupanda. Daktari bingwa hapatikani kwa urahisi, na akipatikana kwa mkataba wa muda gharama yake ni kubwa. Wagonjwa wa matibabu mazito tayari wanapelekwa Umeå, mkoa wa jirani, kwenye hospitali ya chuo kikuu. Ya pili ni sauti. Mkoa wa Stockholm una watu zaidi ya milioni 2.4, wakati wa kugombea reli na barabara, mwenye watu 250,000 anasikika kwa mbali. Tena mambo ya sasa ya kaskazini hayaheshimu mipaka. Reli mpya ya pwani inajengwa kati ya Umeå na Luleå. Kiwanda cha betri cha Northvolt, kilichofilisika Machi 2025, kilikuwa Skellefteå, ndani ya Västerbotten, huku kiwanda cha chuma cha Stegra kikijengwa Boden, ndani ya Norrbotten, na vyote viwili vilifuata umeme uleule. Hata kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, hushuka kutoka milimani hadi misitu ya chini kila majira bila kuuliza mkoa unaishia wapi.

Zaidi ya hayo, kuunganisha kumewahi kufanya kazi. Skåne ilizaliwa mwaka 1997 kutokana na mikoa miwili, Västra Götaland mwaka 1998 kutokana na mitatu, na hakuna anayelia kurudi nyuma kwa nguvu. Ila Skåne yote ina kilomita za mraba 11,000 hivi. Kutoka Kristianstad hadi Malmö ni kama kilomita 100. Mtu wa Kiruna akitaka kufika Luleå, ndani ya mkoa wake huohuo wa sasa, ana kilomita 340 mbele yake, na ukiuhamishia uamuzi Umeå au Sundsvall, mji wa Västernorrland, unamwongezea mamia mengine.

Umbali huo una sura. Mama mjamzito wa Kiruna hujifungulia Gällivare, kilomita 120 hivi, na Desemba huko barabara ni barafu na jua karibu halichomozi. Wa Sollefteå, katika Västernorrland, wanaijua hadithi hii kwa uchungu: wodi yao ya wazazi ilifungwa mwaka 2017, na hospitali zilizobaki zilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 100. Wakunga wawili wakaanzisha mafunzo kwa wazazi watarajiwa ya namna ya kuzalisha ndani ya gari. Nchi tajiri, mwaka 2017. Waliofunga walikuwa na sababu za fedha na upungufu wa wahudumu, sikatai. Lakini baraza lililofunga lilikuwa la mkoa wenye watu robo milioni tu. Sioni kwa nini baraza la watu 900,000, lenye wajumbe wengi kutoka miji ya pwani, lingeihurumia Sollefteå kuliko lile.

Historia nayo inaweka neno. Norrbotten ilikatwa kutoka Västerbotten mwaka 1810, mwaka mmoja baada ya Uswidi kuipoteza Ufini kwa Urusi na mto Torne kugeuka mpaka wa nchi. Kuirudisha ni kurudi kwenye ramani iliyoachwa miaka mia mbili iliyopita.

Ushahidi mzito zaidi, kwangu, uko ng'ambo ya mpaka. Norwei iliunganisha Troms na Finnmark tarehe 1 Januari 2020. Watu wa Finnmark walikuwa wamepiga kura ya maoni mwaka 2018, asilimia 87 wakakataa, wakapuuzwa. Tarehe 1 Januari 2024 mikoa ikatenganishwa tena. Baridi ileile, umbali uleule, Wasami walewale, na ndoa haikumaliza miaka mitano.

Ila Norwei ina jambo jingine ambalo kamati ya Uswidi haikulipa nafasi. Halmashauri zake zenye mabwawa hupata mgawo wa kudumu kutokana na umeme wa maji. Uswidi, kodi ya majengo ya mitambo hiyo inaenda serikali kuu. Mto Lule peke yake hutoa takriban sehemu ya kumi ya umeme wote wa nchi, na halmashauri ya Jokkmokk, yenye sehemu kubwa ya mabwawa yake, ina watu wasiofika 5,000. Gawio la LKAB linaingia hazina ya Stockholm. Watetezi wa mfumo wa sasa watakujibu kwamba fedha zinarudi kupitia utaratibu wa kusawazisha mapato, ambao Stockholm inauchangia sana, na kwamba tangu 2011, nchi ilipogawanywa kanda nne za bei, kaskazini hupata umeme kwa bei nafuu. Ni kweli. Lakini ruzuku huandikwa na kufutwa na bunge, na bei ikipanda au kushuka Jokkmokk haina la kusema. Mgawo wa haki ungekuwa kitu kingine kabisa kwenye bajeti ya halmashauri.

Kwa hiyo kwenye hospitali nakubaliana na waunganishaji nusu: mabingwa na mitambo ghali ipangwe kwa pamoja, na mikoa minne ya kaskazini tayari ina chombo cha ushirikiano wa afya kinachofanya hivyo bila kufuta baraza lolote. Kwenye mipaka siko nao. Halmashauri ya Heby ilihama kutoka Västmanland kwenda Uppsala mwaka 2007 baada ya wakazi wenyewe kupiga kura, na mpaka ukasogea bila kelele. Kiruna haijaomba kusogezwa popote, ukiacha kilomita zile chache ambazo mgodi umeilazimisha.