Kanuni za ujenzi Unguja: tubane wapi, tulegeze wapi

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ikakuta 893,169. Hilo ni ongezeko la karibu watu laki tatu kwa miaka kumi, na Mji Mkongwe haukuwa na nafasi ya kuwapokea. Nyumba zimeota Fuoni, Tomondo, Kisauni na Mwera, kwenye ardhi ambayo wazee wetu waliijua kwa minazi na mihogo. Kwa hiyo kila unapozuka mjadala wa kuzipitia upya kanuni za matumizi ya ardhi na maombi ya vibali vya ujenzi, kauli mbili husikika. Wapo wanaosema kanuni zibane zaidi, na wapo wanaosema zilegezwe, maana zilizopo zimeshamshinda mwananchi wa kawaida. Naona kila upande una haki yake, lakini mara nyingi wanabishana juu ya vitu viwili tafauti.

Mji wa Zanzibar haukukosa mipango ya ujenzi. Upo wa mpangaji miji Lanchester wa 1923, wa mpangaji mwengine Kendall wa 1958, wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki wa 1968 na wa wataalamu wa China wa 1982. Sheria iliyoongoza upangaji wa miji kwa miongo mingi ni ya 1955, ya wakati wa ukoloni. Ramani zilichorwa, na watu wakajenga nje ya ramani. Anayetaka kanuni mpya leo aanze kwa kujiuliza kwa nini ilikuwa hivyo.

Chanzo kikubwa ni namna ardhi inavyopita mikononi mwa watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya serikali, na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu za kulima. Mji ulipozifikia eka hizo, kilimo hakikuweza kushindana na bei ya kiwanja. Mwenye eka anakata kipande, anamuuzia mtu, mwakani anakata kingine. Mauziano huandikwa kwenye karatasi mbele ya mashahidi, sheha, yaani kiongozi wa shehia (mtaa), anatia saini na muhuri, na mnunuzi anarudi nyumbani akiwa na yakini kwamba amepata kwake. Wiki ya pili mawe yameshashushwa. Neno kibali huja kutajwa pale ofisa anapopita na kuchora ukutani alama ya X nyekundu, ya kutaka pabomolewe, wakati akiba ya miaka mingi imeshamalizika kwenye msingi.

Wanaotaka kubana wana hoja ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuibeza, nayo ni maji. Maji ya mji wetu yanatoka ardhini, kwenye chemchem na visima. Sultan Barghash alipoyafikisha mjini kwa mfereji katika karne ya 19, aliyatoa upande wa Bububu, na hadi leo ukanda ule unatunywesha. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mwamba wa matumbawe unaopitisha maji upesi bila ya kuyachuja vya kutosha. Shimo la choo likichimbwa karibu na chanzo, wanaoathirika ni watu wa mitaa ya mbali ambao hata hawamjui aliyelichimba. Halafu kuna mabonde. Anayeishi upande wa Mwanakwerekwe hahitaji kuelezwa masika yamekuwa yakifanya nini kwenye mabonde ya Ziwa Maboga na Kibonde Mzungu. Maji yale yana njia yake ya tangu zamani, na kila ukuta uliojengwa ndani yake unayasukuma kwa jirani.

Njia nazo zimekwisha. Nenda Fuoni ndani ndani, utakuta pahala ambapo vespa inapita kwa taabu baina ya kuta mbili. Gari ya zimamoto haifiki hapo, wala ya kunyonya choo. Mgonjwa anabebwa mikononi mpaka barabarani.

Lakini upande wa pili nao una uzito, na mimi nausikia zaidi kwa sababu wenyewe ni nadra kukaa kwenye semina. Maombi ya kibali huanza na swali: ardhi hii ni ya nani kisheria? Mwenye karatasi ya sheha tu ameshakwama hapo. Ichukue nyumba ya urithi: marehemu ameacha watoto saba, wawili wako Maskati, mmoja Dar es Salaam, na mirathi haijagaiwa. Anayekaa ndani anataka kuongeza chumba kwa ajili ya mtoto anayeoa. Nani atie saini? Kanuni inayodai hati safi kutoka kwa watu wa namna hii inawaelekeza kujenga usiku na siku za sikukuu, wakati ofisi zimefungwa. Ukiongeza faini juu yake, unaongeza sababu ya kujificha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kila kitu kikazwe kwa pamoja. Maeneo ya kukataza yawe machache na yasiwe na mjadala: vyanzo vya maji, njia za maji ya mvua, na upana wa barabara za ndani. Hapo asipite mtu, awe mwekezaji wa hoteli au mama mjane. Kwingineko, kwa nyumba ndogo ya chini, isiyo na ghorofa, yawepo maombi mepesi yanayokubali karatasi ya sheha pamoja na ridhaa ya majirani, yajibiwe ndani ya muda uliotajwa. Sheha asitie muhuri mauziano yoyote kabla ya kuangalia ramani ya maeneo yaliyokatazwa, na ramani hiyo ibandikwe ofisini kwake, msikitini na skuli.

Najua hatari yake. Mtu ataomba nyumba ya chini, kisha miaka mitatu baadaye apandishe ghorofa juu ya msingi usioweza kuibeba. Ukaguzi wa baada ya kibali utahitaji watu na usafiri, na manispaa zetu hazina vya kutosha. Hata hivyo, nyumba iliyomo kwenye daftari inakaguliwa kwa urahisi kuliko ile isiyojulikana ipo.

Ghorofa zenyewe hatutazikwepa, maana Unguja nzima haifiki kilomita za mraba 1,700. Majumba ya Michenzani yaliwapa watu wengi makaazi kwenye ardhi ndogo, ingawa kwa kubomoa nyumba za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe.

Linalobaki gumu kuliko yote ni walioshajenga mabondeni. Wengi walinunua kwa nia njema, mbele ya mashahidi. Serikali ikitaka mabonde yabaki wazi, kanuni itamke waziwazi: mwenye nyumba atapewa kiwanja shehia gani, nani atalipia msingi wa pili, na barabara ya kufikia huko imeshakatwa au bado.