Nani Achague: Wasomaji Wengi au Mhariri Mmoja?

Jarida dogo la fasihi kwa kawaida huanzishwa na watu wawili au watatu wanaopenda kusoma, na idadi yao haiongezeki sana baada ya hapo. Linapopata jina, miswada huanza kumiminika kupita uwezo wa macho yaliyopo, na wahariri hulazimika kutafuta wasaidizi: wanafunzi wa fasihi, waandishi chipukizi, walimu waliostaafu, watu wanaosoma usiku baada ya kazi zao za mchana na ambao aghalabu hawalipwi chochote. Hao ndio wasomaji wa awali. Majina yao huchapwa kwa herufi ndogo katika kurasa za mwanzo, lakini wanashika sehemu kubwa ya hatima ya jarida, kwa sababu mhariri mkuu huona yale tu waliyoyapitisha. Swali ninalotaka kulipima ni kama uamuzi wa kazi ipi ichapwe uachiwe kundi hilo, kwa kura na alama, au ubaki mikononi mwa mhariri mmoja anayewajibika kwa ladha yake.

Hoja ya wasomaji wengi husimama kwanza juu ya hesabu. Tuchukue mfano wa jarida linalopokea miswada 2,000 kwa mwaka huku likiwa na nafasi ya kuchapa kazi 40. Kila mswada ukipewa dakika 10, muda ambao ni haba mno kwa hadithi ya kurasa ishirini, kazi hiyo inadai zaidi ya saa 330. Na kila mswada ukisomwa na watu wawili, kama haki inavyotaka, saa hizo zinazidi 660. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mhariri anayejaribu kuibeba kazi yote peke yake hujikuta akiusoma mswada wa arobaini wa usiku mmoja kwa macho yasiyo sawa na yale aliyousomea wa kwanza, na mwandishi wa huo wa arobaini hana namna ya kujua kwamba alihukumiwa na uchovu. Tangu miswada ianze kutumwa kwa intaneti badala ya bahasha na stempu, mzigo umezidi, kwani kutuma hakumgharimu mtu karibu chochote. Mwezi wa Februari 2023 jarida la hadithi za kisayansi la Clarkesworld, la Marekani, lililazimika kufunga kwa muda mlango wa kupokea kazi baada ya kufurikiwa na mamia ya hadithi zilizotungwa kwa akili mnemba. Anayesema kwamba mhariri asome kila kitu mwenyewe hajaliona rundo lenyewe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba mtu mmoja hukosea. Mwaka 1912 mwandishi Mfaransa Marcel Proust alipeleka riwaya yake kwa wachapishaji waliohusiana na jarida la Nouvelle Revue Française mjini Paris, nao wakaikataa. Mwandishi mwenzake, André Gide, alikuwa miongoni mwa wenye neno pale. Januari 1914, kitabu kikiwa kimeshatoka kwa mchapishaji mwingine kwa gharama ya mwandishi mwenyewe, Gide alimwandikia Proust akikiri kwamba kukataa huko kutabaki kuwa kosa kubwa kuliko yote la jarida hilo. Gide alikuwa msomaji wa kiwango cha juu. Kilichomponza ni picha aliyokuwa nayo ya Proust kama mtu wa kumbi za matajiri, na picha hiyo ilisoma kabla yake. Kundi la wasomaji wasiofahamiana na mwandishi, hasa jina lake likiwa limefichwa, lina nafasi nzuri ya kuepuka kosa la namna hiyo. Vilevile lina nafasi ya kuvunja tabia inayoota kimyakimya katika majarida madogo, ya kuchapana baina ya marafiki, mpaka toleo linafanana na orodha ya waalikwa wa harusi moja.

Kwa hoja hizo mbili, mtu angeweza kuhitimisha kwamba kura ndiyo haki yenyewe. Mimi sikubali, na sababu yangu kuu imo ndani ya hesabu ileile inayotumika kuitetea.

Tuseme wasomaji watano wanatoa alama kuanzia 1 hadi 5. Hadithi ya kwanza inapata 3, 3, 4, 3 na 3, jumla 16. Ya pili inapata 5, 5, 3, 1 na 1, jumla 15. Ya kwanza inapita na ya pili inarudishwa kwa mwenyewe. Lakini tuzitazame alama hizo kama maneno ya watu. Kuhusu hadithi ya kwanza hakuna aliyesema kwamba ameipenda. Wote wamesema haina ubaya. Kuhusu ya pili, wawili walishindwa kuiweka chini, wawili iliwaudhi, na mmoja hakujua aseme nini. Fasihi mpya inapoingia kwa mara ya kwanza, karibu kila mara hupokelewa kama ile hadithi ya pili. Wastani hupunguza chuki na mapenzi kwa pamoja, na jarida linalochagua kwa wastani, toleo baada ya toleo, hujazwa kazi zilizoandikwa vizuri ambazo msomaji hazikumbuki wiki ya pili.

Hili sikulipata kwa kufikiri tu. Niliwahi kujitolea kusoma kwa ajili ya jarida moja dogo kwa misimu kadhaa, na ninakumbuka hadithi moja ya mzee anayeongea na mlango wa nyumba iliyobomolewa. Ilikuwa na makosa ya wazi: mwanzo wake ulichelewa, na majina mawili ya wahusika yalichanganyikana. Niliipa alama ya juu kabisa. Wenzangu wawili waliipa ya chini, wakiyataja makosa hayohayo, nao walikuwa wakweli. Ilianguka. Kilichoniuma si kwamba walinishinda, bali ni kwamba mfumo haukumtaka yeyote kati yetu aseme kwa nini. Namba zilijumlishwa, na barua ya kukataa ikaenda kwa maneno yaleyale yaliyokwenda kwa kila mtu. Makosa yale yangerekebishwa kwa barua mbili kati ya mhariri na mwandishi. Ule mlango hakuna mhariri angeweza kumwongezea mtu.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa usomaji wa awali kama unavyofanyika mahali pengi. Msomaji anayetakiwa kupunguza rundo husoma akitafuta sababu ya kukataa, kwa kuwa kukataa ndiko kunakomaliza kazi ya usiku huo. Makosa huonekana upesi na huelezeka kwa urahisi. Uzuri huchelewa, na mara nyingi haupatiwi maneno ya kuuelezea mbele ya wenzako. Msomaji mgeni katika timu huogopa zaidi kupitisha kazi mbaya, ambayo mhariri ataiona, kuliko kukataa kazi nzuri, ambayo hakuna atakayeiona tena. Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kikao badala ya alama, watu wakae na kujadiliana. Kikao kinasaidia kiasi, lakini katika kikao hushinda mwenye ulimi mwepesi, na watu wapole huiacha kazi waipendayo ianguke ili kuepusha ubishi.

Mfano unaonisaidia kufikiri ni wa jarida la Poetry, lililoanzishwa na Harriet Monroe mjini Chicago mwaka 1912. Mshairi Ezra Pound, aliyekuwa mwakilishi wake upande wa Ulaya, alimtumia mwaka 1914 shairi la kijana ambaye bado hakuwa na jina, T. S. Eliot, liitwalo “The Love Song of J. Alfred Prufrock”. Monroe hakulipenda sana, hasa namna lilivyoisha, akasitasita. Pound akakataa katakata kumwomba Eliot alibadilishe, akaendelea kusukuma kwa barua. Shairi lilitoka Juni 1915, na leo ni vigumu kuieleza historia ya ushairi wa Kiingereza wa karne iliyopita bila kulitaja. Alama zingetolewa, shairi lile lingeanguka. Liliokolewa na msomaji mmoja asiyenyamaza, na pia na mhariri aliyekubali kuchapa kitu ambacho moyo wake haukukiridhia. Wengi hulisifu lile la kwanza na kulisahau hili la pili, ambalo kwangu ndilo gumu zaidi. Mhariri mwenye ladha kali angeweza kusema hapana, na asingehitaji kumweleza mtu yeyote.

Kwa hiyo siwezi kumtetea mhariri mmoja bila masharti. Jarida la mtu mmoja huugua anapougua na hufungwa anapofungwa. Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy mjini Kampala mwaka 1961, lilisimama alipokamatwa na serikali mwaka 1968, na halikurudi mpaka mwaka 1971, likiwa Accra. Lawama ya kunyamaza kule ni ya dola, si ya Neogy. Hata hivyo, inaonyesha jinsi kazi ya waandishi wengi inavyoweza kuning'inia kwenye uzi mmoja.

Lakini kuna jambo ambalo mhariri anaweza kulifanya na ambalo kamati hailiwezi: kwenda kuitafuta kazi, au kumfungulia mlango mtu ambaye hajaandika bado. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia kwamba, akiwa mwanafunzi Makerere, alimsimamisha Jonathan Kariara, aliyehusika na jarida la wanafunzi la Penpoint, akamwambia kwamba ameandika hadithi, je, angependa kuisoma? Hadithi haikuwapo. Kariara alipokubali, kijana alilazimika kwenda kuiandika. Kikapu cha miswada hakiwezi kusimamishwa njiani kwa namna hiyo. Mwandishi anayeanza huhitaji uso wa kumwandikia, na mfumo unaoficha majina ya pande zote mbili, pamoja na haki yote inayoleta, humnyima uso huo.

Suala la malipo haliwezi kurukwa. Monroe, kabla ya toleo la kwanza, aliwaendea wafadhili wapatao mia moja, akawaomba kila mmoja aahidi dola 50 kwa mwaka kwa miaka mitano, ili washairi walipwe. Majarida mengi ya leo hayana wafadhili wa namna hiyo, na baadhi yake hutoza ada ndogo kwa anayetuma kazi, jambo ambalo kwa maoni yangu humfanya mwandishi aliyekataliwa kuwa mfadhili wa yule aliyekubaliwa. Wasomaji wa awali hawalipwi wala kwa ada hiyo. Watetezi husema wanalipwa kwa kujifunza, na ni kweli kwamba hakuna darasa la uandishi linalofundisha upesi kama kusoma hadithi mia moja zilizoshindwa. Ila shule hiyo ina maana pale tu mhariri anaporudi kuongea na msomaji juu ya uamuzi wake. Bila mazungumzo hayo, msomaji anachuja nafaka asiyoila.

Ninapoyaweka yote mizanini, naona macho mengi yanafaa kutafuta, lakini hayafai kukata shauri. Wasomaji wa awali wasipewe alama za kujumlishwa. Kila mmoja apewe haki ya kuipeleka moja kwa moja kwa mhariri, katika kila msimu, kazi mbili au tatu anazoziamini, pamoja na aya moja ya kueleza sababu, hata kama wenzake wote wamezikataa. Majina ya waandishi yafichwe katika hatua hiyo, yafunuliwe kwa mhariri baadaye. Naye mhariri, kila baada ya muda, achukue miswada kumi kutoka rundo la zilizokataliwa, bila kuchagua, aisome mwenyewe mwanzo hadi mwisho, kisha akae na wasomaji wake waizungumze. Utaratibu huu unaongeza saa juu ya zile 660, na najua saa hizo zitatoka kwa watu walewale wasiolipwa. Ndiyo maana napendelea jarida litoe matoleo mawili kwa mwaka badala ya manne, na lipokee miswada kwa mwezi mmoja badala ya mwaka mzima. Kazi zitakazofungiwa mlango kwa sababu hiyo zitakuwa nyingi, lakini zitakazoingia zitasomwa na mtu aliye macho.